Blanketi la Mkono Lina Mwenyewe

Hotuba hii ilitolewa Wete, Pemba, mbele ya akina mama na wasichana waliomaliza mafunzo ya kufuma. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama zangu, dada zangu, wanangu mliomaliza mafunzo, na nyinyi wazee wetu mlioketi kule nyuma karibu na mlango, ahsanteni kwa kuja. Najua wengine mmetoka Konde na Micheweni tangu asubuhi, na wengine mmeacha karafuu juani mkawaachia watoto waziangalie mvua isizikute. Mwenyezi Mungu awalipe.

Nimeombwa nizungumze juu ya zawadi. Mimi nitazungumza juu ya zawadi moja tu, blanketi la kufuma kwa sindano ya kulabu, na nina neno moja ninalotaka liwakae: blanketi la mkono lina mwenyewe. Lina mwenyewe kabla halijaanzwa. Ukikaa kufuma huku hujui nani atakayejifunika, utapata kitambaa kizuri, basi. Lakini ukianza na jina la mtu moyoni, jina hilo ndilo litakalokuchagulia uzi, rangi, upana, hata ukubwa wa tundu. Lina nini? Lina mwenyewe! Alhamdulillahi, nimesikia mpaka kule mlangoni.

Niwajibu kwanza wanaouliza: blanketi la nini Pemba, na joto hili?

Jamani, tumeshaisahau Julai? Kusi linavuma, kipupwe kimeingia, alfajiri watoto wamejikunja kitandani wanavutana shuka. Masika je? Mvua imenyesha usiku kucha, ukuta umelowa, mgonjwa wa homa anatetemeka chini ya khanga mbili. Nani hapa hajawahi kupanda meli ya usiku kutoka Unguja? Mama amempakata mtoto, upepo wa bahari unapita kila upenyo, khanga imeshika unyevu wa chumvi. Na yule babu anayekaa barazani baada ya alasiri, magoti yanamuuma, anatafuta kitu cha kuyawekea juu. Theluji hatuna, lakini watu wanaosikia baridi tunao nyumbani mwetu, na tunawajua kwa majina. Tena tuna wajukuu Uingereza, tuna wajukuu Kanada, na huko baridi haihitaji kuelezwa.

Ila baridi hizo si moja. Baridi ya Wete si baridi ya London, na hapo ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri. Sikilizeni kisa hiki.

Shoga yangu mmoja alimfumia blanketi mtoto wa mdogo wake. Alichagua uzi wa akriliki, mnene, laini, rangi ya maziwa, na pembeni akaweka pindo la mawimbi. Kazi safi kabisa, kila aliyeiona alimsifu. Mtoto akazaliwa wakati wa kaskazi, joto limepamba moto. Mama mzazi kwa heshima akamfunika mwanawe, na haikupita wiki shingo yote imejaa harara. Blanketi likakunjwa, likawekwa. Bibi yake mtoto hakusema kitu. Akaenda kununua uzi wa pamba mwembamba, akafuma blanketi dogo, jepesi, lisilo na mapambo yoyote, na lile ndilo mtoto alilolelewa nalo mpaka akaanza kulivuta mwenyewe akitembea. Na lile la kwanza? Likapelekwa Uingereza kwa mtoto wa mjomba, na mama yake akapiga simu kusema kwamba mtoto halali bila ya hilo.

Mmeona? Blanketi halikuwa baya. Lilikuwa limekwenda kwa asiyekuwa mwenyewe.

Kwa hiyo wanangu, jueni nyuzi zenu. Pamba inakunywa jasho na inapitisha hewa, kwa hiyo ndiyo ya watoto wetu wa hapa. Lakini pamba ikilowa inakuwa nzito, na ukiining'iniza kwenye kamba inavutika mpaka blanketi la mraba linakuwa refu upande mmoja. Ianike kwa kuitandaza juu ya mkeka safi, na masika uwe na subira, maana inachelewa kukauka. Akriliki ni nyepesi, ina joto, inakauka upesi, na bei yake inashikika. Kasoro yake ni kwamba hainywi jasho, na ikikaribia moto inayeyuka na kugandia mwilini. Kwa hiyo usimpe bibi anayekaa karibu na jiko la kuni. Sikuzuii akriliki, nakuomba umtazame bibi anakaa wapi.

Sufu ya kondoo ni uzi wa nchi za baridi. Inatia joto hata ikiwa na unyevunyevu. Lakini ukiifikicha ndani ya maji ya moto inasinyaa, inashikana, haifunguki tena. Sasa fikirini mama mwenye kichanga, nguo za mtoto anafua asubuhi na jioni, halafu wewe unamletea kitu cha kufuliwa peke yake, kwa maji baridi, kwa taratibu. Umempa zawadi au umempa kazi? Huyo mpe pamba. Sufu umfumie aliye mbali kwenye baridi, tena aliye na nafasi ya kuitunza.

Na kabla ya kuchanganya rangi, lowesha kipande kidogo cha uzi mwekundu au wa buluu, ukibane ndani ya kitambaa cheupe. Ukichuja, umepona kabla hujaharibu kazi. Nunua uzi wote wa kazi moja siku moja, na utazame karatasi iliyozunguka donge: ina namba ya mchovyo wa rangi. Madonge yenye namba moja yalitiwa rangi pamoja. Sisi wa Pemba uzi wetu mwingi unavuka bahari kutoka soko la Darajani, Unguja, kwa hiyo ukipungukiwa katikati ya kazi, donge litakalokuja kwa boti ya wiki ijayo linaweza kuwa kijani kingine kabisa.

Kuhusu watoto wachanga nina ukali kidogo, mnisamehe. Tundu ziwe ndogo, kidole cha mtoto kisipite kikanasa. Usishone vifungo, shanga wala vishada virefu, kwa sababu kila kitu mtoto anakipeleka kinywani. Na umwambie mama yake kwa kauli iliyo wazi: blanketi hili ni la kumbebea, la kumkingia upepo njiani, la kumtandikia alalie tumbo mchana huku unamtazama. Wataalamu wa afya ya watoto wanashauri mtoto mchanga alazwe chali, na pasiwe na mto wala nguo zilizolegea karibu na uso wake anapolala. Upendo wetu usimzibe pumzi.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi.

Kuna mtaa mmoja hapa hapa Wete, mwanamke alifiwa na mumewe. Akaingia eda, na mnajua eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi. Siku za mwanzo nyumba inajaa. Watu wanaleta chakula, wanasoma, wanalia naye. Halafu? Halafu kila mtu anarudi kwenye shughuli zake, na mwanamke anabaki na kuta. Majirani zake kadhaa wakakubaliana: kila baada ya alasiri wawili au watatu watakwenda kukaa naye, na kila mmoja atakwenda na sindano na uzi mweupe. Hakuna aliyetakiwa kumpa maneno ya faraja. Maneno yalikuwa yameshakwisha. Wakikaa, wakifuma vipande vya mraba, wakizungumza habari za ndizi na za skuli za watoto, au wakinyamaza.

Kila kipande kilikuwa na mkono wake. Kuna anayefuma kwa kukaza, kuna anayefuma kwa kulegeza, kwa hiyo vipande havikulingana sawasawa, na aliyepewa kazi ya kuviunganisha ilimbidi avute huku na kupunguza kule. Walikuwa wamekusudia kumpa blanketi siku atakayotoka eda. Lakini siku moja mfiwa mwenyewe akanyoosha mkono, akasema, "Nipeni na mie sindano." Hakujua kufuma. Wakamfundisha. Safu za mwisho za lile blanketi ni zake yeye.

Mimi nimeliona. Ukilishika kwa vidole unazijua safu zake, kwa sababu ndizo zilizokazwa kuliko zote.

Niambieni, duka gani linauza kitu kile? Na nani kati yetu hana jirani anayehitaji watu wa kukaa naye bila kumhubiria?

Nimesema duka, basi nizungumze bei. Siku hizi wasichana wengi wananiuliza: bibi, blanketi niliuze kiasi gani? Tupige hesabu pamoja. Kipande kimoja cha mraba cha sentimita 10, mfumaji mwepesi atakitoa kwa dakika 20. Blanketi la mtoto la sentimita 80 kwa 80 linataka vipande 64. Hizo ni dakika 1,280, yaani saa 21 na dakika 20, na bado hujaunganisha, hujatia pindo, hujaficha ncha za nyuzi. Blanketi la kitanda, sentimita 150 kwa 200, ni vipande 300. Hapo tuna saa 100 kamili za kufuma tu. Nani atakulipa saa 100? Akitokea wa kukulipa ujira wa haki, muuzie kwa moyo mweupe. Wengi watakutajia bei ya blanketi la kiwandani, na ukikubali umejidhulumu wewe na umemdhulumu kila mfumaji atakayekuja nyuma yako.

Na kuna jambo watu hawalijui. Mashine zinazofuma fulana na masweta zipo, zimejaa viwandani duniani kote. Kazi halisi ya sindano ya kulabu mpaka leo hufanywa kwa mkono. Kwa hiyo ukiona nguo ya kulabu inauzwa kwa bei ya kutupa, jua kuna mwanamke mahali fulani ameikalia kwa saa nyingi na hakulipwa. Ushauri wangu ni huu, na atakayenipinga tutazungumza baadaye: uza vitu vidogo, vitambaa vya meza, kofia za watoto, vikapu vya uzi, vitu ambavyo saa zake zinalipika. Blanketi liweke kwa watu wako. Liwe kazi ya mkono wako isiyonunuliwa.

Msidhani nadharau biashara. Katika karne ya 19, mwanamke mmoja aitwaye Eléonore Riego de la Branchardière alikuwa akichapisha mitindo ya kufuma kwa kulabu mjini London tangu miaka ya 1840. Miaka ile ile Ireland iliingia katika njaa kubwa, kuanzia 1845, viazi vikaoza shambani kwa ugonjwa na watu wakafa kwa mamia ya maelfu. Watawa wa kike waliwafundisha wanawake na wasichana maskini kufuma lesi kwa kulabu, lesi ile ikauzwa kwa matajiri, na kuna nyumba zilizopata mkate kwa sindano hiyo. Sindano hii mnayoishika ililisha watu. Lakini wao waliuza lesi, kitu chepesi chenye wanunuzi wenye fedha. Walijua cha kuuza.

Wala tusiseme kwamba haya ni mambo ya kigeni yasiyotuhusu. Sindano ya kulabu imekuja kutoka nje, ndiyo, lakini mikono yetu ilikuwa tayari. Mama zetu wamesuka ukili wakienda, wakirudi, wakisutana na wakipatana, na kutoka kwenye ule ukanda mwembamba wa ukindu wakatoa mkeka wa kulalia familia nzima. Na kofia! Tazameni kofia za mkono wanazovaa baba zetu leo Ijumaa. Kipande cha juu cha mviringo, kipande cha kuzunguka kichwa, na kila kijitundu kimezungushiwa uzi kwa mkono mpaka ua linatokea. Kofia ya namna hiyo inachukua wiki nyingi, nyengine miezi. Msichana alikuwa akimshonea mchumba wake, na akishona anajua kichwa ni cha nani. Kipimo kimetoka kwenye kichwa kimoja tu duniani. Hilo ndilo ninalolisema juu ya blanketi tangu niliposimama hapa. Sisi tumelijua zamani.

Na nyinyi wanaume mliosimama nje mkisikiliza kupitia dirishani, ingieni. Nawaambia, kuna mzee mmoja wa Tumbe, mvuvi tangu utotoni, aliyezeeka akiwa anatengeneza nyavu zake mwenyewe. Binti yake alijifungua mapacha. Mzee akamwona mkewe anafuma, akaiomba sindano, akaitazama, akasema: "Hii si matundu tu?" Mchana mmoja ulimtosha kujifunza. Mkono uliokwishafunga matundu ya wavu kwa miaka mingi hauhitaji kufundishwa usawa. Mapacha wana mablanketi mawili, moja la bibi, moja la babu, na ukiniuliza mimi, la babu ndilo lililonyooka zaidi. Bibi mwenyewe anakiri.

Kwa wale wenye watoto wadogo wanaosema hawana wakati, nina habari njema. Mwenye kufuma sweta kwa sindano mbili ana msururu mzima wa vitanzi juu ya sindano, ukichomoka anaanza kulia. Sisi wa kulabu tuna kitanzi kimoja tu kilicho wazi. Mtoto akilia, chungu kikifurika, adhana ikiadhiniwa, kivute kitanzi kiwe kirefu kidogo kisifumuke, uweke kazi chini, uende. Ukirudi utakikuta. Na ukikuta umekosea safu, vuta uzi, fumua, anza tena, uzi haupotei. Kazi hii inamfaa mwenye kukatizwa, na nani anakatizwa kuliko mama?

Bado nina dukuduku moja, na hili nalisema kwa uchungu. Kuna bibi mmoja wa upande wa Mkoani aliyepewa blanketi siku ya arusi yake. Lilikuwa zuri mno, kwa hiyo akalihifadhi. Atalitumia akipata kitanda kipya. Akapata. Akasema atalitumia akija mgeni mkubwa. Mgeni akaja akaondoka. Akasema basi nitampa binti yangu. Siku anaozesha binti, akafungua sanduku, na unyevu wetu huu wa visiwani ulikuwa umeshafanya kazi yake. Ukungu mweusi toka pindo hadi pindo. Lilifuliwa, likaanikwa, likatiwa ndimu na chumvi. Madoa hayakutoka, na sehemu nyengine uzi ulikatika mkononi. Aliyelifuma alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Bibi yule aliniambia: "Sikumbuki hata siku moja aliyoniona nimelivaa."

Kwa hiyo unapompa mtu blanketi, sema. Usimwachie akisie. Mwambie: hili ni lako, nimelifuma likufunike, likichanika niletee nilishone, likichakaa nitakufumia jengine. Mwambie analiosha vipi. Ukaone nyumbani kwake, ukilikuta bado limo ndani ya mfuko wa nailoni, litoe wewe mwenyewe ulitandike. Na sisi tunaopewa, tuvitumie vitu tulivyopewa. Mtoto akilitapikia, lifuliwe. Babu akilimwagia kahawa, lifuliwe. Blanketi lililofifia kwa kufuliwa limefanya kile alichokitaka mfumaji.

Sasa nimalize, naona jua linageuka na wa Konde wana safari.

Kwenye ile meza ya mlangoni kuna madonge ya uzi yaliyobaki katika mafunzo. Pamba ziko kushoto, akriliki kulia. Kila mmoja achukue donge moja, lakini asilichukue mpaka amemtajia aliyekaa ubavuni kwake jina la mtu atakayemfumia. Wenye waja wazito nyumbani, pamba. Wenye watu wao ng'ambo, akriliki, na muulize kwanza wanalala kitanda cha ukubwa gani. Wanaume mlioingia, sindano za milimita 5 ziko kwenye kibati, hizo ni nene kidogo na zitawafaa kuanzia. Alkhamisi baada ya alasiri tunakutana ukumbi huu huu kuunganisha vipande vya blanketi la yule bibi wa mtaa wa pili anayerudi kutoka hospitali. Vinahitajika vipande 108 na tunavyo 71, kwa hiyo kila mwenye mkono mwepesi aje na viwili. Sentimita 10, rangi yoyote isiyochuja, na bibi mwenyewe amesema anapenda kijani.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.